Mume wa Mama Penseli

Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na wenzake wa barabarani walimwita Gia Tano, kwa kuwa polepole hakuijua. Hata chakula alikila kama mtu anayesubiriwa nje. Alipostaafu mgongo ulikuwa umekwisha, na mkewe alikuwa amebakiwa na miezi tu ya kuishi, ingawa wakati ule hakuna aliyelijua hilo.

Mke ndiye aliyekuwa na nyumba ya mapumziko. Alirithi kwa shangazi yake vyumba viwili na kibaraza, katika mtaa mdogo kando ya maji, ambako watu huja msimu wa likizo kisha hufunga milango wakaenda zao. Kila mwaka alikwenda na binti yao, na binti alipopata kwake akawa anakwenda peke yake. Gia Tano aliwapeleka mara moja tu. Alishusha mizigo, akageuza gari pale pale uani, akaondoka bila kuonja hata maji. Mkewe aliporudi, alimwuliza kulikuwaje huko, akajibiwa kuwa kulikuwa kuzuri. Mazungumzo yakaishia hapo, maana mwulizaji alishaanza kusinzia.

Baada ya mazishi nyumba ya mjini ilimwelemea. Binti alimsihi ahamie kwake, naye akakataa, akisema mzigo wake ataubeba mwenyewe. Msimu wa likizo ulipoingia akachukua funguo za marehemu, akamuaga binti yake kwamba anakwenda kutengeneza paa kule mapumzikoni. Paa lilikuwa zima kabisa.

Siku za mwanzo alikaa kibarazani akitazama watu wakipita. Mtaa ule ulikuwa na mazoea yake: mwenye kupenda jambo hakulipenda peke yake. Mpenda bustani aligawa miche mlango hadi mlango. Mwanamke wa nyumba ya kona alifundisha kufuma, na mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu alitandika ubao wa drafti mezani kila alasiri, akawafunga wageni bila huruma. Asiyejua lolote alikaribishwa chai, akaulizwa angependa kujua nini. Watu ambao mwaka mzima walikuwa mameneja na makarani, pale waligeuka wanafunzi, wakakosea na kuchekwa.

Wote walimsalimia Gia Tano kwa adabu, wakampa pole, kisha wakakosa la kuongeza. Naye hakuwa nalo. Alichokijua ni tairi na mizani za barabarani, na nani angekuja likizo kufundishwa tairi? Jioni alisikia vicheko kutoka vibaraza vya watu, akaingia ndani na kuwasha redio ili asivisikie.

Siku moja jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha, alimwita amsaidie kusogeza kabati. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena. Alipoinua kichwa kujifuta jasho, Gia Tano akaona picha ukutani. Ilikuwa mikono miwili inayomenya chungwa, imechorwa kwa penseli tupu, mishipa na yote, na kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu. Akakitazama kidole gumba cha muuguzi. Kovu ni lile lile.

Akauliza ni nani aliyechora.

Muuguzi alidhani anataniwa. "Shemeji, si Mama Penseli huyo? Mkeo."

Gia Tano alikaa kwenye kiti cha watu bila kukaribishwa. Mama Penseli. Wameoana mpaka wakapata wajukuu, na jina hilo hakuwahi kulisikia. Nyumbani mkewe hakuchora hata ua. Penseli aliishika anapopima mapazia, basi.

Muuguzi alipoona hali imekuwa hiyo, akaacha kabati katikati ya chumba, akamtembeza. Kwa mwalimu walikuta picha ya mwalimu mwenyewe amekunja uso mbele ya drafti, anashindwa. Kwa mfumaji walikuta mgongo wa mama yake akichungulia dirishani. Kwa mpenda bustani kulikuwa na mbwa aliyekwisha kufa zamani, hapo amelala, sikio moja limegeuka nje. Na darasa la kuchora la mkewe, aliambiwa njiani, lilikuwa pale pale kwenye kibaraza alichokuwa akikikalia kutwa peke yake.

Watu walifurahi kumwonyesha. Walimweleza jinsi mkewe alivyoimba akichonga penseli, na alivyocheka mpaka akashika mbavu. Walidhani wanampa zawadi. Yeye kila neno lilimwingia kama habari za mke wa mtu mwingine.

"Alikuwa anacheka sana?" alimwuliza mwalimu. Mwalimu akasema kwa upole kwamba asiyekuwepo na lake halipo, kisha akajuta kulisema, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Walipokuwa njiani kurudi, Gia Tano alipiga moyo konde, akauliza kama kulikuwa na picha yake yeye, hata moja.

Muuguzi alisimama njiani. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kuwa habari mbaya hazipambwi.

"Alijaribu, shemeji. Mara nyingi. Akifika kwenye macho, anachana. Alisema hajakutazama vya kutosha. Kila akitaka kukutazama umelala, au unaondoka."

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana, alisema akicheka. Lakini karatasi aliichana."

Gia Tano hakutoka ndani kwa siku kadhaa. Muuguzi alibisha akaambiwa ni mgongo. Kisha asubuhi moja mzee alitokea mlangoni kwake amenyoa ndevu, amevaa shati la kupigwa pasi, akauliza kama wale wa kuchora wangependa kurudi kibarazani. Kuchora yeye hajui, alisema, ila kukaa anaweza.

Wakaja na karatasi zao. Wakamweka kwenye kiti cha mbao, upande wenye mwanga. Mwanzoni miguu ilimwasha kuondoka. Goti lilicheza lenyewe kama linatafuta klachi, na mfumaji akamwambia atulie. Akatulia. Hajawahi kutazamwa hivyo, na watu wengi, kwa muda mrefu, bila kuulizwa amefika wapi na mzigo. Akaendelea kutazama mbele.

Walipomaliza, walipanga kazi zao sakafuni. Mwalimu alikuwa amemchora kwa rula, akafanana na ghala. Mpenda bustani alimpa kichwa cha kiazi. Walicheka, naye akacheka nao, kwa mara ya kwanza tangu afike. Picha ya muuguzi ndiyo iliyompata. Macho alikuwa ameyaweka, macho ya mzee aliyechoka, ya kweli kabisa. Gia Tano alishukuru sana, akaikunja vizuri, lakini hakuitundika. Mkono uliochora haukuwa ule wa mkewe.

Likizo ikaisha. Magari yalipakiwa, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Waliposikia kwamba yeye anabaki, walimwachia funguo ili awafungulie madirisha, nyumba zisinuke unyevu. Muuguzi aliondoka wa mwisho, akampungia mkono mpaka kwenye kona.

Tangu hapo kila asubuhi Gia Tano alipita nyumba kwa nyumba. Alifungua madirisha, akavuta kiti, akakaa mbele ya picha ya nyumba hiyo mpaka chumba kipate hewa, na jioni akarudi kuyafunga. Hakuwa na haraka.

Binti alimpigia simu akiwa sebuleni kwa mwalimu.

"Ulijua kuwa mama yako anachora?" alimwuliza.

"Nilijua, Baba."

"Hukuniambia."

"Hukuwahi kuuliza."

 Gia Tano akamwomba amsimulie, lolote analolikumbuka, kuanzia popote. Binti akaanza. Gia Tano alisogeza kiti karibu na dirisha, mahali mtandao unaposhika, akasikiliza bila kumkatiza. Simu ilipozimika kwa kuishiwa chaji, aliendelea kukaa mle ndani ya nyumba ya watu, simu mkononi, mpaka upepo wa jioni ulipoanza kupeperusha mapazia naye akakumbuka kuwa nyumba nyingine zote madirisha yako wazi.