Mwonja Plamu wa Dundori

Wavunaji hawakugusa tawi kabla Micah Kosgei hajanena. Walisimama langoni mwa bustani, ndoo mikononi, ukungu wa Dundori ukiwalowesha nywele, wakimtazama akipita kati ya safu za miti ya plamu. Alichuma moja hapa, moja kule, akauma, akatafuna taratibu macho yamefumbwa. Mwishowe alisema neno moja kati ya mawili: "Leo," au "Bado." Ikiwa ni leo, lori lilishuka Nakuru jioni na makasha ya kupakiwa kwenye garimoshi. Ikiwa ni bado, kila mtu alirudi kupalilia maua ya pareto.

Kazi hiyo aliipata kwa njia isiyosimuliwa sana. Mwonjaji wa kwanza alikuwa Waithaka, na asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na tatu, Hali ya Hatari ilipokuwa bado changa, Waithaka na jamaa yake walipakiwa na askari kwenye lori la kuwahamisha, pamoja na sufuria zao. Bwana mwenye shamba akauliza ni nani mwingine mwenye ulimi. Micah akapewa kazi, akapewa ruhusa ya kulisha ng'ombe wake shambani, akapewa na nyumba ya Waithaka. Alipoingia alikuta jivu kati ya mafiga lingali na joto. Joto lile hakulisahau. Lilimwonyesha jinsi nyumba inavyoweza kumtoka mtu kabla hajanywa chai.

Yeye mwenyewe hakunywa chai asubuhi wakati wa plamu. Ulimi uliokula, alisema, hudanganya. Alionja na njaa yake, kuanzia safu ya juu mpaka mtoni, na hakutema, kwa sababu kutema chakula ni dharau. Plamu zilizopasuka zilikamuliwa na mkewe, Chepkemboi, na maji yake yakatiwa kwenye kibuyu kando ya mlango. Micah alikuwa mtu wa kanisa, busaa hakuigusa. Kibuyu kile kilikuwa pombe yake isiyo na dhambi.

Mwaka wa hamsini na saba kiu ilimwingia. Alikunywa kibuyu kikaisha, akakijaza, akanywa tena. Suruali ikaanza kumning'inia kiunoni.

"Baba Kiplangat, unakunywa kama ng'ombe waliotoka Baringo," Chepkemboi alimwambia.

"Ni matunda tu. Matunda hayajaua mtu."

"Hata mvua haijaua mtu. Ngoja mto ujae."

Lakini kilichomtisha Micah kilikuwa ulimi. Aliuma tunda jekundu lililonona, likamjia kinywani kama maji ya mvua. Akasema bado. Kesho yake, bado. Wavunaji wakatazamana, maana chini ya miti nyuki walikuwa wameshaanza karamu. Hatimaye aliposema leo, matunda yalifika Nakuru yamekuwa uji, na makasha yakarudishwa yakichuruzika.

Bwana alimwita uani. Hakupandisha sauti.

"Micah, mdomo usiojua tamu ni mdomo tu. Mzigo mwingine ukirudi, nitatafuta ulimi mwingine. Na ulimi huo utahitaji nyumba."

Micah akasingizia jino, akaomba ruhusa, akashuka hospitalini Nakuru.

Dresa aliyempokea, msaidizi wa daktari aitwaye Naftaly, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Alitia matone ya mkojo wa Micah kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakishikilia juu ya moto. Buluu ikageuka kijani, kijani kikawa manjano, manjano yakakolea hadi yakawa mekundu kama tofali. Micah aliufuata mwendo huo wa rangi kwa macho ya kazi yake.

"Umeiva," akasema.

Naftaly alicheka hadi akashika meza. "Mzee, umeiva mpaka umepitiliza! Una kisukari. Asubuhi unakula nini?"

"Plamu."

"Ngapi?"

"Mpaka mtoni."

Naftaly aliacha kucheka. Alitaka kusikia habari za mtoni, na za kibuyu pia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwani wewe ulidhani sukari ni ile ya duka peke yake? Ya tunda nayo ni sukari. Mwilini kuna kitu kinaitwa insulini. Hicho ndicho huitoa sukari kwenye damu, ikaenda kukupa nguvu. Chako kimepungua. Sasa wewe unaamka na njaa, unarundika plamu juu ya plamu, halafu zingine unazikamua, unatupa nyama na ganda, unakunywa maji matupu. Hayo yanaingia kwenye damu kama mvua kwenye mlima uliokatwa miti. Hakuna cha kuyashika. Na damu ikijaa sukari hivyo, ulimi nao unafifia."

"Nisile tunda tena?"

"Sijasema hivyo. Kula moja, zima, na ganda lake, ukishamaliza chakula. Kibuyu ndicho ukitupe."

Alimfundisha kuchemsha sindano na kujidunga insulini asubuhi, akamwonya asitoke nyumbani kamwe akiwa amejidunga na hajala. Akampa na kichupa chake na chupa ya dawa ya buluu.

Basi Micah akavunja sharti lake la zamani. Alijidunga, akala ugali wa wimbi na maziwa lala, akasukutua kinywa, akaenda bustanini. Akauma, akatafuna, akatema.

Hapo ndipo taabu ilipomkuta. Safu za bustani ile zilishuka kuelekea mashariki, na saa yake ya kuonja ilikuwa saa ya jua kuchomoza. Watu wakamwona mzee amelielekea jua, midomo inamchezacheza, akitema penye shina la kila mti. Wote walikuwa wamewaona babu zao wakifanya hivyo, wakilitemea jua maziwa na kuliomba baraka. Wavunaji wawili wazee wakavua kofia. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imemfikia Kipkoech, mzee wa kanisa, ambaye siku za kazi alikuwa mpishi wa Bwana.

Kipkoech alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda.

"Ndugu Micah, unalitemea jua?"

"Natema plamu."

"Hata babu yangu alikuwa anatema maziwa tu."

"Ulimi ukishiba hauonji, ndugu."

"Miaka yote ulimeza. Ndio umeshiba mwaka huu?"

Jibu la Micah lilikuwa ndani ya kijisanduku cha sindano chini ya kitanda. Lakini kila alilolisikia Kipkoech lililala jikoni kwa Bwana. Hakuwa mtu mbaya. Ila habari ilimtoka pamoja na supu.

Kipkoech alipokwenda zake, Chepkemboi alisimama katikati ya nyumba.

"Si umwambie! Ugonjwa si dhambi."

"Mama Kiplangat, dhambi hainyang'anyi mtu nyumba."

Wazee wa kanisa wakamweka benchi la nyuma. Mkate na kikombe vikampita. Watoto waligeuka kumtazama. Chepkemboi alikaa mbele na hakugeuka.

Micah akaendelea kutema. Kila jioni alichemsha mkojo wake. Ulikuwa mwekundu, ukawa manjano, na jioni moja ukabaki kijani.

"Mbichi," alimwambia mkewe, na Chepkemboi akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mgeni wao atoke.

Wiki hiyo hiyo aliuma plamu kwenye safu ya juu, akalazimika kusimama. Utamu ulikuwa umerudi, na nyuma yake, karibu na kokwa, ule uchachu mdogo aliokuwa amesahau kwamba upo.

"Leo," akasema.

"Bado ni ngumu, mzee," mvunaji mmoja alimwambia.

"Leo."

Lori likashuka. Micah hakulala vizuri mpaka liliporudi, nalo lilirudi tupu. Bwana alimpitia kwenye njia ya mtoni.

"Nakuru wamefurahi. Mwaka ujao pia, Micah. Na jino?"

"Limetoka, Bwana."

Msimu ulipokwisha, Micah alikuwa bado benchi la nyuma. Jumapili ile baada ya ibada walikula ugali na mboga za managu. Alipomaliza alichukua plamu moja iliyowekwa dirishani, akaila taratibu, pamoja na ganda lake.

"Utawaambia lini?" Chepkemboi aliuliza.

"Matunda yakiisha."

"Yameisha."

Micah alitazama mlango, kisha mafiga. Akaitupa kokwa jivuni, jivu lake mwenyewe, lingali na joto.

"Benchi la nyuma," akasema, "nalo mtu anakalia."