Mfuko wa Kushoto na Amplifaya ya Taa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niweke mkono wa kushoto mfukoni. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, nikapangiwa karakana ya umeme ya kiwanda kimoja hapa Morogoro, mwanamke peke yangu mle ndani. Fundi Mkuu, Mluguru mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa amefungua redio ya zamani.

"Humu umeme unabaki hata ukichomoa waya," alisema. "Ukishika kwa mikono miwili, unapita kifuani. Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni."

"Mzee, gauni langu halina mfuko."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa pasi akaambiwa ni redio. "Basi nenda kwa fundi cherehani. Kazi itakusubiri."

Redio ile ilikuwa ya taa. Taa ninazosema si za kuangazia chumba. Ni chupa ndogo za kioo ambazo hupokea sauti hafifu na kuikuza. Kati ya taa moja na nyingine hukaa kapasita, kijidude kama kipande cha chaki, kinachopitisha sauti na kuzuia umeme mkali. Kapasita kubwa hupitisha sauti nzito kwa wingi. Ndogo huzipunguza zile nzito, nyembamba zikasikika vizuri. Msilisahau hilo, maana nusura liniumbue.

Kiwanda kilikuwa na bendi, kama viwanda vingi vya wakati ule, na karakana ndiyo iliyotunza vyombo vyake. Chombo kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa amplifaya ya gitaa la solo, ya zamani, ya taa. Sefu, mpiga solo, hakuruhusu mtu aweke hata glasi ya maji juu yake.

Fundi Mkuu alistaafu, nikabaki na funguo zake. Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, wengi wetu tukapunguzwa kazi, vyombo vya bendi vikapigwa mnada. Amplifaya ilichukuliwa na mnunuzi wa Dar es Salaam. Wanamuziki saba walibaki na riziki moja tu, muziki, na mwenye ukumbi mmoja mjini aliwapa Jumamosi moja ya kujaribiwa. Wakipiga kama zamani, ukumbi ni wao kila wiki. Wakishindwa, ataweka disko.

Vyombo vingine waliazima. Sefu alikuja kwangu na gitaa lake begani.

"Dada fundi, nitengenezee ile ile."

"Ile ile nitaitoa wapi?"

"Si wewe uliyekuwa unaifuta vumbi miaka yote? Au ulikuwa unafuta umefumba macho?"

Kweli, kabla ya mnada nilikuwa nimenakili mchoro wa nyaya uliobandikwa ndani ya boksi lake. Nikakubali. Zamani ungeomba resista moja, kipuri kidogo tu, ukaisubiri miezi. Sasa zilijaa madukani. Taa nilizitoa kwenye redio kuukuu. Transfoma niliisuka mwenyewe, na majirani waliniona nina kiburi wiki ile kwa sababu sikuitikia salamu. Ukisuka transfoma, hodi moja inakupotezea hesabu ya mizunguko yote ya waya.

Jumatano Sefu akaijaribu. Alipiga kidogo, akaacha.

"Imewaka," alisema kwa adabu.

"Sema lingine."

"Si yenyewe, dada. Inanguruma kama lori la kwenda Mikese. Inamkanyaga mtu wa besi."

Nilikagua kila waya kwa kufuata mchoro. Hapakuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. Kama kungekuwa na kosa, ningelirekebisha.

Alhamisi nilipanda milimani, kijijini kwa Fundi Mkuu. Nilimkuta akianika karafuu.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, binti. Mfuko unao?"

Nikamwonyesha. Nilipomweleza shida yangu, alitazama njiani kwanza kama kuna mtu anayetusikiliza.

"Mchoro ni sahihi," alisema. "Amplifaya ndiyo haikuwa sahihi. Mwaka ule madukani hapakuwa hata na sabuni. Kapasita ilikufa, na bendi ilitakiwa jukwaani. Nikachukua ya kwenye redio ya Meneja wa kiwanda, iliyoletwa karakana kutengenezwa. Ilikuwa ndogo, karibu robo ya ile ya kwenye mchoro."

"Na redio ya Meneja?"

"Nikaitilia ndogo zaidi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Meneja alilalamika miaka yote kwamba msoma habari wake anasemea puani.

"Mbona hukuandika kwenye daftari la matengenezo?"

"Niandike kwamba nimeiba redio ya bosi? Usicheke, binti. Yule mzee bado yu hai, anakaa Kilakala. Mimi nikishuka mjini nazunguka mbali nisikutane naye."

Ijumaa nilinunua kapasita ndogo, nikaichomelea kwa solda, mkono wa kushoto mfukoni. Jumamosi nilisimama ukutani, na mkono ulikuwa mfukoni bado, ingawa sikuwa na kazi yoyote. Sefu akagusa uzi wa kwanza. Sauti ikatoka nyembamba, kavu, ikilia kama kengele, na besi ikapata nafasi yake chini. Mwenye ukumbi akaacha kuongea. Sefu alifumba macho. Ndipo niliposhusha pumzi.

Walipewa ukumbi usiku ule ule. Meneja, mzee wa mkongojo sasa, alikuwa meza ya mbele.

"Binti, hii ndiyo sauti yetu! Umeipataje?"

Nikamweleza yote. Aliukaza mkono kwenye mkongojo hadi nikajuta.

"Kumbe watu walikuwa wanacheza kwa redio yangu!" alisema, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Mwambie huyo mwizi ashuke Jumamosi ijayo. Aje na karafuu."

Leo nimestaafu, na macho hayaoni tena vijirangi vinavyoonyesha kipimo cha resista. Ninyi mnaofuata mna kila kipuri, nami nawafurahia. Naomba moja tu: mkibadilisha kitu, andikeni, hata kama kinawatia aibu. Mimi nilibandika mchoro mpya ndani ya boksi, na pembeni ya kapasita ile nikaandika kwa wino kipimo chake na kilikotoka.

Fundi Mkuu alishuka kweli, na kifurushi cha karafuu kwapani, mkono wa kushoto mfukoni. Alisimama mlangoni muda mrefu. Meneja akainuka, akamwendea, akanyoosha mkono. Fundi Mkuu akamtazama, akautoa wa kushoto mfukoni, akaupokea kwa mikono yote miwili.