Inchi Nne za Shemeji

Shemeji yangu hupima kila kitu. Kabla ya kununua kitanda alipima mlango, korido na kona ya korido, na kitanda kikapita bila kukwaruza hata rangi. Ameendesha malori miaka thelathini na moja, kwa hiyo mambo yake yote huyaweka kwenye inchi. Mtu wa namna hiyo anachosha. Mimi nauza matairi, wateja wanaochosha nawajua, lakini huyu kamuoa dada yangu mkubwa, siwezi kumfukuza dukani.

Mwezi uliopita alikuja na futi ya kupimia mfukoni na daftari kwapani.

"Shemeji, nataka kuliinua gari."

"Gari lipi? Hilo kongwe?"

"Lina umri, halina uzee," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

Pikapu hiyo ni kubwa kwa umri kuliko mwanangu wa kwanza. Mlango wa abiria haufungwi kwa nguvu, unafungwa kwa kubembelezwa. Lakini ndiyo inayompeleka Dada hospitali kila Jumanne na Ijumaa kufanyishwa mazoezi ya mguu, tangu kiharusi kilipompiga upande wa kushoto miaka miwili iliyopita. Barabara ya kwao imeliwa na maji pande zote mbili, katikati limebaki tuta la mawe. Mvua zilizopita gari lilikalia tuta hilo, magurudumu yakawa yanazunguka kwenye tope bure. Vijana wanne waliokuwa wakipita wakambeba Dada hadi kwenye lami. Njia nzima alijifunika uso kwa mtandio. Jioni yake akamwambia mumewe kwamba mvua zikirudi hospitali haendi tena, na Dada akisema jambo huwa amesema.

Mvua zilikuwa njiani. Na daktari alishawaambia kwamba mguu huo ukiachwa mwezi mzima bila mazoezi utarudi ulikotoka.

"Sitaki mke wangu abebwe tena na watu baki," Shemeji akaniambia. Alikuwa anayatazama matairi ukutani, si mimi.

Nikamweleza ninachokieleza kila siku: springi ndefu zinainua bodi, lakini kinachoinua difu, lile bonge la chuma la katikati ya ekseli kule chini, ni tairi lenyewe. Gari lake linavaa tairi za inchi ishirini na nane. Nikamshauri apande hadi thelathini, na springi aongeze inchi mbili tu, basi. Akafungua daftari. Alikuwa amepima urefu wa tuta sehemu saba, kina cha maji kwenye korongo, hata yale mawe makorofi, moja moja. Alitaka tairi za thelathini na tatu, na ili zisisugue madigadi, springi ziongezwe inchi nne.

Hapo ningekaza uzi. Sikukaza. Tairi nne za thelathini na tatu zilikuwa zimekaa dukani kwangu muda mrefu, nyeusi, nene, zenye meno kama ya mamba, na mimi mwenyewe nilitaka kuziona chini ya gari. Fundi wa springi wa uani kwangu naye akasikia "inchi nne" akaanza kukunja mikono ya shati. Tukawa watu wazima watatu tunaoshangilia chuma.

Dada akaletwa kukaa kwangu siku mbili, nyumba iko nyuma ya duka. Aliambiwa gari linabadilishwa breki. Shemeji alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Siku ya tatu asubuhi tukamtoa nje. Gari limesimama uani, limeoshwa, refu, kifua mbele. Kusema kweli lilipendeza. Shemeji akafungua mlango wa abiria kama dereva wa harusi.

Dada akalitazama kutoka chini hadi juu.

"Mmenijengea ghorofa," akasema.

Tukacheka wote. Kisha akageuka, akaliegemea gari kwa mgongo kama anavyofanya siku zote, kwa sababu yeye huketi kwanza, halafu mumewe ndiye humwingizia mguu. Akarudi nyuma nusu hatua atafute kiti. Kiti kilikuwa kimempita kiuno. Akajaribu kujiinua kwa mkono wa kulia. Akajaribu tena. Kicheko kikatuishia mmoja mmoja.

Fundi akakimbilia kigoda. Dada akakipanda kwa mguu mzima, ule wa kushoto ukagoma kufuata, kigoda kikayumba, na kama si fundi kumdaka tungekuwa tunazungumza mengine.

"Basi nitakubeba mimi," Shemeji akasema. "Mimi si mtu baki."

"Mimi si gunia, baba watoto."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nilimjua Dada kabla huyu bwana hajamjua, na nikaona kwamba Jumanne hii haendi, na Ijumaa haendi, na mvua hazijanyesha hata tone. Nikajichukia. Nimeuza matairi miaka kumi na minne, sijawahi kumuuliza mteja atakayepanda ni nani.

Shemeji akafungua daftari lake pale pale uani, akalipekua ukurasa kwa ukurasa. Tuta, korongo, mawe, madigadi.

"Nilipima kila kitu," akasema.

"Mimi ulinipima lini?" Dada akamuuliza. "Kuuliza si ujinga. Unalala na mimi, unakula na mimi, hukuniuliza."

Dada akageuka, akajikokota na mkongojo wake hadi ndani ya duka, sisi tukamfuata kama watoto walioitwa na mwalimu.

"Mdogo wangu, niletee matairi ya magari madogo. Manne."

Nikayapanga moja juu ya jingine, juu nikaweka ubao. Akajaribu kukaa, akakwama. Nikatoa moja. Akakaa chini mno, kuinuka akashindwa, akakataa mkono wangu na wa mumewe, akahangaika peke yake hadi akasimama, jasho likimtoka. Nikaongeza tairi la toroli. Akarudi nyuma, akaketi. Akavuta pumzi. Akainuka bila kushikwa. Akaketi tena, akainuka tena, na mara ya tatu nadhani alifanya kwa raha zake tu.

"Hapa," akasema.

Fundi akakadiria kwa jicho. "Mama, hapo ni chini kuliko hata kiti cha zamani."

"Najua. Kile nilikipanda kwa taabu miaka miwili. Nilinyamaza, kwa sababu mwenzangu alikuwa anajitahidi."

Shemeji aligeuza uso kwenye rafu ya mipira ya ndani kana kwamba anatafuta saizi.

Fundi akasema springi za zamani zitarudi, na kiti cha abiria atakikata reli, kishuke. Mimi nikasema zile za thelathini na tatu narudisha ukutani, nisizione.

"Na tuta?" Shemeji akauliza, bado ametupa mgongo. "Nikishusha gari, tuta nalifanyaje?"

"Tutazunguka kwa juu, njia ya shuleni."

"Ni saa nzima zaidi. Unachoka ukikaa sana."

"Nani kakwambia? Hilo nalo hukuniuliza." Dada akaweka mkongojo kando. "Nikiwa garini nawe ndiyo saa pekee huna kitu cha kupima. Unaniongelesha. Nilikasirika kubebwa, ndiyo, lakini safari sijaichoka hata siku moja. Njoo upime hapa, kabla sijabadilisha mawazo."

Akaja, akapiga goti kwenye sakafu ya duka langu yenye mafuta, na suruali yake safi. Akaiweka futi kwenye ubao, akaivuta hadi chini, akasoma. Hakuandika. Akabaki vile vile ameinama, mabega yakimtikisika, Dada akamwekea kiganja juu ya upara.

Mimi na fundi tukatoka nje tukajifanya tunatazama gari.

"Umeshapima?" tukamsikia Dada akimuuliza, taratibu.

"Bado," akasema.