Joto la Kifundo cha Mkono

Justina alikuwa na miaka thelathini na sita, na tisa kati ya hiyo alikuwa akipiga deki zahanati ya kijiji chao, Kirua Vunjo. Kufunga kidonda alijua, kumtuliza mtoto anayeogopa sindano alijua, ila karatasi ya kumruhusu hakuwa nayo. Chuo cha uuguzi kilitaka afaulu Baiolojia ya kidato cha nne. Masomo mengine alikuwa nayo. Hilo moja lilikuwa limemkaba kooni, na alishalifeli mara mbili.

Mara ya pili ndiyo iliyomuuma, maana alijiharibia kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye mtihani wa vitendo walipewa maji ya wanga, wayachanganye na mate yao, wayapashe joto, kisha wadondoshee iodini. Iodini ikikuta wanga inakuwa bluu nyeusi. Wanga ukishakatwakatwa kuwa sukari, iodini inabaki na rangi yake ya kahawia. Sasa Justina, mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu aolewe, akaona watoto wa shule wanapasha maji kwa uoga uoga, akawahurumia. Kitu gani kiliwahi kuiva bila kutokota? Akachemsha mpaka maji yakaruka. Iodini ikawa nyeusi tii!

Nyumbani, mama mkwe wake, Bernadetha, alimpokea kwa ulimi wake uleule.

"Si nilikuambia, Mama Fredy? Darasa ni la watoto. Utarudia mpaka lini?"

"Mpaka nifaulu, mama."

"Makubwa haya!" Bernadetha akarudi kumenya ndizi zake.

Basi kila Jumamosi Justina akawa anateremka mjini, mtaa wa Njoro, kwa Mwalimu Hafidhi, mstaafu aliyefundishia kibarazani kwake. Mwalimu alimchorea seli mpaka akaiota: utando wa nje unaochagua cha kuingia na cha kutoka, kiini kinachotoa amri, mitokondria zinazogeuza chakula kuwa nguvu. Justina alikariri vyote vizuri. Lakini walipofika kwenye vimeng'enya, vile vinavyokatakata chakula mwilini, akakwama palepale pa mwaka jana.

"Mwalimu, moto si ndio unaoharakisha kazi? Kwa nini wangu uliiharibu?"

Mwalimu Hafidhi akakuna ndevu. "Mimi pombe sijaionja maisha yangu yote, kwa hiyo unijibu wewe. Ule uji wenu wa ulezi uliooteshwa, mso, mnaumwaga kwenye maji ya ndizi ukiwa bado wa moto?"

"Weee! Thubutu! Mbege itagoma kuchacha. Lazima upoe kwanza."

"Itagoma kwa nini?"

Justina alijua kuupoza tu. Miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa.

"Mle kwenye ndizi kuna hamira," Mwalimu akasema. "Kila chembe ya hamira ni seli nzima, hai, inakula sukari ipate nguvu, na pombe ni mabaki yake. Kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya. Joto kidogo linavichangamsha. Joto kali linaharibu umbo lao, kama ute wa yai likishaiva. Umeona wapi yai lililoiva likarudi kuwa bichi? Na kwenye mate yako ni hivyohivyo."

Justina akajipiga paja. "Kumbe! Mso naupoza, halafu nikaenda kuyachemsha mate yangu mwenyewe! Mjinga mimi!" Akacheka mpaka mke wa Mwalimu akachungulia dirishani.

Novemba ikafika na mvua yake. Kwenye chumba cha mtihani jaribio lilikuwa lilelile la wanga na mate, ila Justina akakuta kipimajoto chake kimepasuka. Akanyoosha mkono.

"Hakuna kingine," msimamizi akasema. "Subiri mwenzako amalize."

Asubiri? Muda ulikuwa unakatika, na mwaka mzima umo ndani ya bika ile ya kioo! Hofu ilimpanda, hakuikataa. Kisha akakunja mkono wa sweta. Akachanganya maji ya moto na ya baridi, akadondosha kidogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, kama Bernadetha alivyomfundisha kupima mso mwaka alioolewa: usisikie moto, usisikie baridi, usisikie kitu. Akatumbukiza humo mrija wa wanga na mate; maji yakipoa anaongeza ya moto, anapima tena. Dakika kumi na tano hakuinua kichwa.

Iodini ikadondoka. Ikabaki kahawia.

Palibaki pa kujaza kiwango cha joto. Wote waliomzunguka waliandika thelathini na saba, na yeye angeweza kuandika hivyo, nani angejua? Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaandika kwamba kipimajoto kimevunjika, amepima kwa kifundo cha mkono, joto la mwili. Kama ni kuanguka, aanguke na ukweli wake.

Matokeo yalitoka Januari. Baiolojia, C. Justina alikimbia kihambani, kwenye migomba yao, na simu mkononi, akamkuta Bernadetha ameinamia pipa la mbege, akamweleza yote huku analia: kipimajoto, kifundo, seli za hamira zinazotaka kutunzwa kwa joto lao.

Bernadetha alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama mkono wake, upande wa ndani.

"Kwa hiyo hao wadudu wasioonekana nimewalea miaka hamsini?"

"Ndiyo, mama. Bila hata mtu kukueleza."

"Na mtihani umefaulu kwa mkono wangu?"

"Kwa mkono wako, mama."

Kikongwe akajifuta kwenye kanga. "Haya. Cheti kikija, mimi ndiye nitakayekishika kwanza."