Mama Aliyeitenganisha Ndoa Yetu kwa Ungo

Mchungaji alitupa wiki mbili tuchague ishara ya muungano wetu, na mimi nikaharibu mambo ndani ya siku moja.

Mishumaa tuliikataa, maana feni za kanisa letu la Kasese haziachi kitu kikiwaka. Mchanga wa rangi mbili wa kumimina katika chupa moja, niliouona kwenye simu, shangazi aliukataa kwa ukali. "Udongo tunamwagia mutu wakati anazikwa. Munataka kuoana ao kuzikana?"

Basi nikajitia ujanja. Mchumba wangu ni askari wa kambini, mtu wa kaskazini, na mama yake alikuwa amemtumia choroko. Mama yangu analima mpunga Mubuku, kwenye mashamba ya maji ya mfereji. Tungemimina choroko na mpunga katika chupa moja ya kioo, mbele ya watu. Nikachota mpunga kwenye mfuko uliokuwa chini ya kitanda cha mama, kwa sababu ulikuwa umenona na kung'aa kuliko mwingine wote. Sikujiuliza kwa nini ulilala chini ya kitanda.

Nilichotaka hasa ni kumlainisha mama. Tangu posa hakuwahi kumsemesha mchumba wangu. Kiswahili hakikumpiga chenga. Ameuza vitunguu Bwera, mpakani, kwa Wakongomani miaka mingi. Lakini mkwe akiwa ameketi mbele yake, ananiambia mimi: "Ambia afande chai iko tayari." Askari, alisema, ni mutu ya kuhamishwa, leo iko hapa, kesho anabeba binti ya watu na kupotea naye. Iliniuma sana, maana niliwapenda wote wawili.

Siku ikafika. Tulimimina, vigelegele vikapigwa, chupa ikawekwa kwenye meza kuu ya karamu. Baada ya nusu saa chupa haipo. Nikamwona mama nyuma ya hema, na gomesi yake mpya, lile gauni la sherehe, amekaa mkekani, ungo mapajani, mpunga huku, choroko kule. Wageni walishaanza kunong'ona.

Shangazi alijishika kichwa. "Anavunja ndoa na mikono yake!"

Nilikimbia na shela langu mkononi. "Mama, unatuachanisha?"

"Hii ni mbegu yangu!" akafoka. "Maji inafunguliwa shambani wiki ijayo. Nitapanda nini, keki?"

Nikaangua kilio, wanja ukatiririka mpaka kidevuni. Mume wangu akavua koti la suti, akachuchumaa kando ya ungo, akaanza kuokota choroko mojamoja.

Mama akasogea kumpa nafasi.

"Kaa vizuri, mutoto yangu," akamwambia, yeye mwenyewe, uso kwa uso. "Utaumia magoti."

Saa ya keki ilipofika, bado walikuwa mkekani, kwa hiyo kisu tulikishika mimi na shangazi. Niliwapelekea kipande kila mmoja. Mama alikuwa anakagua rundo la mpunga alilochambua mkwewe, akipitisha vidole ndani yake, na hakukuta hata choroko moja iliyopotea njia. Akaniinulia macho.

"Huyu anachambua kuliko wewe."

Tangu siku hiyo, nikimshtaki mume wangu kwa mama, nashindwa kesi kabla sijamaliza kueleza.