Hewa Inayolala Chini

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, Sumirah alisimama mlangoni akawatazama kuku wake. Kuku akikaa chini bila sababu, moyo ulimruka. Akijikung'uta na kuinuka, ndipo naye alipovuta pumzi. Kisha aliingia ndani kumwekea kidole puani Damar, mjukuu wake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Hakuwa hivyo zamani. Tangu aolewe pale kijijini, katikati ya misitu ya mitiki ya Blora, kisiwani Java, watu walimjua kwa vicheko vyake na kwa wali aliofunga kwenye majani ya mtiki na kuuza sokoni. Hofu ililetwa na Mbak Wening, yaani Dada Wening.

Alikuwa binti aliyetumwa na kampuni ya gesi, mwenye sauti laini na viatu visivyopenda vumbi. Kazi yake ilikuwa kuwaelimisha watu. Nyuma ya kijiji kulikuwa na kisima cha gesi kilichokwisha kukaushwa. Sasa kampuni ilitaka kukijaza upya, safari hii kwa hewa ukaa iliyonaswa mtamboni, ikae chini ya mwamba badala ya kupanda angani na kuzidi kuipasha dunia joto. Kwenye ukumbi wa kijiji alitikisa chupa ya soda, akaifungua, povu likamrukia usoni.

"Mmeiona? Ndiyo hewa yenyewe. Hata sasa mnaitoa puani."

"Kumbe mume wangu ni kiwanda!" alisema Bu Parsinah, mama muuza tempe ya soya. "Kwa anavyokoroma, mje mumnase yeye kwanza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mbak Wening alipouliza kama wameelewa na wamekubali, walijibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mbak." Ilikuwa ile ndiyo ya Kijava, inayotolewa kama chai, ili mgeni asirudi kwao na aibu. Hakuna aliyekuwa amekubali kitu. Binti wa watu akaondoka akitabasamu, akiamini kazi imekwisha.

Sumirah naye alisema ndiyo. Hewa ile alikuwa anaijua. Alikutana nayo utotoni, mbali na pale, na hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

Mashine za kisima zilianza kazi mwanzoni mwa mvua. Siku moja alasiri Sumirah alikuwa kijitoni akifua, Damar amemwacha kwa Bu Parsinah. Kwanza ulikuja mngurumo. Alipoinua kichwa, aliona kitu cheupe mwisho wa kichochoro, kinatambaa kwa kujivuta, kinaingia chini ya milango ya watu.

Hakukumbuka alivyofika. Bu Parsinah anakumbuka: mama mzima, maji yanamchuruzika, akimpokonya mtoto na kupiga kelele, "Pandeni! Msishuke barabarani! Pandeni juu!"

Walimkuta kwenye mnara wa tangi la maji, juu kabisa, mtoto amemfunga mgongoni. Chini walisimama wanaume wawili wenye barakoa, mashine zao za mkononi zikingali zinatoa moshi.

"Shuka, Bu! Ni dawa ya mbu! Kuna homa ya dengi!"

"Vueni hizo barakoa kwanza!" alijibu. "Vueni nione kama mtabaki mmesimama!"

Wengine walicheka. Bu Parsinah hakucheka. Alimpigia simu Asih, binti wa Sumirah, aliyekuwa mjini Semarang akishona viatu kiwandani. "Njoo umchukue mwanao," alimwambia. "Mama yako hayuko sawa."

Asih alifika kesho yake, akaanza kukunja nguo za mtoto hata maji hajanywa.

"Mama, ungemwangusha. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Sasa ulikimbia nini? Mbu?"

Sumirah alikaa kwenye kizingiti. Akaona kwamba akinyamaza mtoto anaondoka, basi akasema.

"Mimi kwetu ni Dieng, kule milimani kwenye viazi. Unajua nililelewa na shangazi. Hujui kwa nini. Mlima wa moto ulinguruma, ukatoa mvuke mweupe, tukakimbia alfajiri, kijiji kizima, tukafuata barabara. Mimi nikabanwa na mkojo, nikapanda kando, kwenye ukingo. Wenzangu wakateremka bondeni. Nikawaona wanalala. Mmoja, kisha mwingine, kama watu waliochoka. Hakuna aliyelia. Mama yangu alikuwa na mdogo wangu mgongoni. Akapiga magoti. Akanigeukia, akainua mkono."

"Kukuita?"

"Mpaka leo sijui. Kuniita au kunizuia. Mimi nilibaki palepale juu. Baadaye watu wa serikali walituambia jina la hewa iliyotoka ardhini ikajaa bondeni. Haina rangi, haina harufu, ni nzito, inalala chini, kuku ndio wanaotangulia kuanguka. Ndiyo ileile ya kwenye soda ya Mbak Wening."

Asih alikuwa ameacha kukunja nguo. "Kwa nini hukusema ukumbini?"

"Yule ni mgeni. Tena anasema kule chini kuna mwamba mgumu juu yake, na vyombo vya kuipima. Huenda ni kweli. Labda isitoke hata siku moja. Mwanangu, mimi sisemi itatoka. Nasema mimi niliwahi kuiona."

Nje kuku walikuwa wakiparua. Asih aliwatazama muda mrefu, akitazama miguu yao, na Sumirah alimwona anavyotazama, akajuta kusema.

"Nakuamini, Mama," Asih alisema. Akaanza tena kukunja nguo, haraka kuliko mwanzo. "Twende wote. Leo hii."

"Ningekuwa nimerukwa na akili ungemchukua. Nina akili zangu, bado unamchukua."

"Mama, twende."

"Chumba chenu kimoja mnalala wanne. Nitalala wapi, dirishani?" Akampa Damar chupa yake ya maziwa, akamfunga vizuri kwenye kitambaa mgongoni mwa Asih, akalivuta fundo mara ya pili, na ya tatu.

"Hicho chumba," aliuliza, "kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Haya," alisema Sumirah. "Haya, nendeni. Mkapite njia ya juu."