Kijisanduku cha Mjomba

Mjomba huandika uthibitisho wake wa hisabati kwa penseli iliyobaki urefu wa kidole gumba, akiusoma kila mstari kwa sauti ya chini kama anayemwamsha mgonjwa. Mwishoni huchora kijisanduku kwa rula, maana yake imethibitika, kazi imekwisha. Kesho anauwasilisha chuoni kwa mara ya tatu, na wakiukataa, shahada ya uzamili ndiyo basi tena. Leo mchana alichora kijisanduku, akacheka peke yake, akanisukumia karatasi. "Haya, kiherehere, soma." Nilielewa nusu ya nusu. Ila ukurasa wa tisa ameandika "ni dhahiri kwamba", na mimi udhahiri wenyewe sikuuona.

"Mjomba, hapa kwa nini?"

"We mtoto, kila kitu kwa nini! Hapo ni kwa sababu..." Penseli ikasimama. Akarudi ukurasa wa nane, akaja wa tisa, akarudi tena wa nane. Chai yake ikaota utando. Mama akaita kutoka jikoni, "Kaka, umemaliza?" Nilitamani kulimeza swali langu. Mjomba akachukua kifutio, nikadhani atafuta ule mstari. Alianza na kijisanduku, pembe moja baada ya nyingine.